Plagi Mfukoni

Haya yalimpata jirani yangu, fundi pikipiki, tena mchana kweupe. Alikuwa amemaliza kufunga injini mpya na mnyororo mpya kwenye kipikipiki cha zamani alichoachiwa na marehemu kaka yake. Injini kuukuu aliiweka sakafuni kando ya ukuta, akaing'oa plagi na kuitia mfukoni, kama kawaida yake, ili mtu asije akaiwasha.

Mvua ilipoanza kuingia ndani, alishusha mlango wa bati wa karakana. Ukakwama. Mara umeme ukakatika. Chumba hakikuwa na dirisha, kwa hiyo kukawa giza totoro.

"Mama watoto! Njoo uniinulie mlango!"

"Umejifungia mwenyewe, sasa unalilia nani?" mkewe alicheka kule nje, akaanza kuvuta.

Ndipo fundi aliposikia mtu akipiga kiki. Mara ya tatu injini ikakohoa, ikanguruma. Moshi ukamkaba koo.

"Baba watoto, zima hiyo pikipiki! Utakufa humo!"

"Sijaiwasha!" alijibu, akipiga bati kwa ngumi.

Alipapasa hadi kwenye pikipiki. Injini mpya ilikuwa baridi, imetulia tuli. Mngurumo ulitoka chini, kando ya ukuta.

Majirani walipoinua mlango kwa mtaimbo, kelele zikakatika ghafla. Injini kuukuu ilikuwa palepale, tundu la plagi likiwa wazi. Fundi alitaka kushukuru, akapiga ukelele badala yake. Plagi iliyokuwa mfukoni ilikuwa imetoboa suruali, inamuunguza paja.