Mbawakawa Waliobadilishiwa Kwao

Kila Jumatatu asubuhi, kabla kengele haijalia, Nsimire na Spès walikaa kwenye dawati lao katika shule ya mtaa wa Gihosha wakipanga mbawakawa wa majani. Baba yake Spès alikuwa mlinzi wa msitu wa hifadhi wa Kibira. Kila mwisho wa mwezi alishuka mjini na chupa ya wadudu hao: wa kijani, wa buluu, weusi wenye madoa mekundu. Spès aliwabandika kwenye kadibodi. Nsimire, ambaye wazazi wake walikimbia vita kutoka Bukavu, alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote darasani, kwa hiyo aliandika mahali na mwezi walipopatikana.

Kazi hiyo haikuwa mchezo. Vita viliwazuia wataalamu kuingia Kibira, na Madamu Huguette, mtafiti wa wadudu, aliitegemea orodha yao kujua ni aina zipi bado zinaishi msituni.

Mwezi Juni Spès alileta chupa ya mbawakawa waliong'aa kama dhahabu.

"Wa Kibira hawa?" Nsimire aliuliza.

"Ndiyo. Baba amewatuma. Andika tu."

Nsimire akaandika: Kibira, Juni.

Siku mbili baadaye Madamu Huguette alikuja darasani kwa Mwalimu Révérien. Aliiinua kadibodi, akakunja uso.

"Hawa wanakula majani ya viazi vitamu. Ndani ya msitu kiazi kinatoka wapi? Nani ameandika Kibira?"

Spès akainamisha kichwa, kisha akasema, "Ni Nsimire, Madamu. Mi nilimwambia ni wa mashamba ya Ruziba."

Nsimire alihisi kama amemwagiwa maji ya moto. Miaka mitatu waligawana hata andazi la mapumziko!

"Apana, Mwalimu! Si kweli!" alilia. Lakini mwandiko ulikuwa wake. Mwalimu Révérien akamwondoa kwenye kikundi cha wadudu, na nyuma mtu akanong'ona, "Mkimbizi mwongo." Spès hakugeuka.

Jumamosi Nsimire alifuatana na shangazi yake, Mwavita, kwenda kulima Ruziba, kando ya ziwa. Kwenye matuta ya viazi aliwaona mbawakawa wale wale wa dhahabu. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia akacheka.

"Na wewe unatafuta vidudu? Wiki iliyopita alikuja msichana na chupa. Alisema anaitwa Spès."

Nsimire alitamani kukimbilia kwa mwalimu. Shangazi akamshika mkono. "Mwone yeye kwanza. Mpe nafasi ya kusema mwenyewe."

Jumatatu alimkuta Spès getini. "Nimefika Ruziba. Utasema wewe, au nitasema mimi?"

Spès alimvuta kando ya geti. "Baba hajarudi tangu Aprili. Chupa ya Mei ilikuwa ya akiba. Chupa zikikoma, watu watasema amekufa."

"Ungeniambia, ningelia pamoja nawe. Lakini umenitupa mbele ya watu wote."

Asubuhi hiyo Spès alisimama mbele ya darasa akaeleza yote, huku machozi yakimtiririka. Mwalimu Révérien alimwomba Nsimire msamaha mbele ya wanafunzi, akamrudisha kwenye kikundi. Spès naye aliamriwa kuandika upya kila kibandiko cha Mei na cha Juni.

Madamu Huguette alipopata habari, alirudi akawaketisha wasichana wote wawili.

"Spès, uchungu wako ni wa kweli, na tutaulizia habari za baba yako kwa walinzi wenzake. Lakini kibandiko cha uongo kinampoteza kila atakayekisoma baada yetu. Wa Ruziba waandikwe Ruziba. Na kwa Kibira andikeni: Mei na Juni, hakuna aliyeweza kufika. Nafasi tupu ni ukweli pia, wanangu. Na anayemtwika rafiki uongo wake huharibu vitu viwili: kazi na urafiki. Kazi tumeitengeneza leo. Urafiki utachukua muda."

Nsimire alichukua kalamu akaandika mstari ule wa Mei na Juni. Spès alisogea kumpisha kwenye dawati. Nsimire aliketi, lakini aliacha nafasi kati yao.