Saa Moja ya Kimya

"Chiriku, lori linapinda kushoto, linaelekea—"

Redio ikafa.

"Pacha? Rudia."

Kimya. Hata ule mkwaruzo wa kawaida haukusikika.

Kwenye skrini ndogo iliyobandikwa juu ya usukani, nukta nyekundu iliyoonyesha mahali alipo Pacha ilipepesa, ikazimika. Chiriku akatoa tusi ambalo mama yake hakujua kama analijua, akakanyaga mafuta. Land Cruiser ikaruka dimbwi. Mbele hapakuwa na kitu ila mvua na ukungu mzito. Lile lori la Scania lilikuwa limemezwa.

Ndani ya lori hilo mlikuwa na majokofu mapya. Ndani ya majokofu mlikuwa na bunduki, zimeletwa na wageni waliotaka nchi iwake moto ili wao waje kuuza maji ya kuuzimia. Na juu ya hayo majokofu, akiwa amevaa ovaroli chafu la utingo, alikaa Pacha.

Yeye na Chiriku hawakuzaliwa pamoja. Walifunzwa pamoja, wakafeli pamoja somo la kuogelea, wakapewa adhabu moja, na jina likamganda. Kifungo cha pili cha shati lake kilikuwa kinasa sauti chenye kupeleka mawimbi. Mpango ulikuwa mwepesi. Lori likiingia kwenye ghala lao, ambalo hakuna mpelelezi aliyelijua, Pacha ataje mahali, kikosi kivamie. Wale watu walikuwa na desturi ya kupekua kila mpakuzi kabla ya kushusha mzigo. Wakikiona kile kifungo, Pacha ni maiti.

Chiriku akachomoa Nokia yake, akampigia mwendesha mitambo wa makao makuu, mama wa makamo ambaye wote walimwita Mama Redio.

"Mama, vipi huko?"

"Vyombo vyote vimezima, mwanangu. Nimebonyeza kila kitu, imebaki kengele ya mlango tu."

"Mwite kontrakta."

"Si mpaka mkurugenzi asaini oda? Na yuko kikaoni. Na huyo kontrakta unamjua. Bila oda hata bisibisi hashiki."

Chiriku alimjua. Alimjua kuliko alivyotaka.

Kontrakta huyo zamani alikuwa Fundi Mkuu wa idara yao ya upelelezi, mwajiriwa wa kudumu, na pia mume wa dada mkubwa wa Chiriku. Siku moja mgongo ukamkatika. Madaktari wakaandika, bodi ya pensheni ikakubali, akaachishwa kazi kwa ugonjwa na mafao yake yote. Siku ya kumuaga alikuja kwenye kiti cha magurudumu. Lifti ilikuwa mbovu, kwa hiyo Pacha alimbeba mgongoni kutoka ghorofa ya juu mpaka chini, huku akihema, na watu wazima wakifuta machozi.

Haikupita miezi miwili, yule yule bwana akapanda ngazi zile zile mbili mbili, amevaa shati lenye nembo ya kampuni yake, kuja kusaini mkataba wa kutengeneza redio. Vijana aliowaachia kazi walishindwa kila kitu, kwa sababu aliwafundisha kila kitu isipokuwa kile chenye maana. "Mgongo umepata nafuu, Mungu mkubwa," alisema. Mkurugenzi akacheka. Ofisi nzima ikacheka. Hicho kicheko ndicho kilichomkaa Chiriku kooni mpaka leo. Na nyumbani bwana aliendelea kuugua, maana bodi ingeweza kubisha hodi wakati wowote. Kila jioni dada mtu alimkanda kwa dawa ya moto mpaka viganja vikamwasha.

Tangu mkataba huo, redio zilishakufa mara mbili. Mara ya pili walimkuta dereva wao mtaroni, amepigwa risasi ya kisogo.

Chiriku akatazama juu. Ukungu ulikuwa umefunguka kidogo kwenye kilima cha kulia, na mlingoti wa idara ukaonekana. Mawimbi yote yalipitia hapo. Lori ameshalipoteza. Palibaki mlingoti.

Akakata usukani.

Chini ya mlingoti palikuwa na kibanda cha mitambo, na kando yake gari dogo jeupe. Lina nembo ya kampuni ya kontrakta.

Chiriku alizima injini, akashuka taratibu, mvua ikimpiga usoni. Akainua macho. Juu ya ngazi ya chuma, mtu mwenye mfuko mzito wa vyombo alikuwa akishuka kwa wepesi wa kima, mkono huku, mguu kule, akipiga mluzi.

Mgongo wake haukuwa na neno.

"Ah, shemeji!" Fundi alitua chini, akajifuta mikono. "Mvua yote hii umetoka wapi?"

"Unafanya nini hapa?"

"Nimeitwa. Si redio zenu hizi! Kila siku mimi tu."

Chiriku akabonyeza simu, akafungua spika. "Mama Redio. Oda imesainiwa?"

"Wapi! Mkurugenzi hajatoka. Kontrakta hata simu hatujampigia."

Chiriku akakata. Tabasamu la Fundi lilibaki mdomoni, macho yakaliacha peke yake.

Ndani ya mfuko wake kitu kikakwaruza. Sauti ya mtu wa lafudhi ya mbali ikatoka, imetulia kabisa:

"Fundi, tumeingia ghalani. Hiyo saa moja isipungue."

Bastola ya Glock ilikuwa mkononi mwa Chiriku kabla sauti haijaisha. Kwa mkono wa pili akauvuta ule mfuko, akatoa redio ndogo ya Kenwood.

"Umewauzia nini?"

"Kimya. Saa moja ya kimya, basi. Sijauza siri wala mtu."

"Tangu lini?"

"Shemeji, tuongee kama ndugu. Mkataba wangu unalipa kwa wito. Redio nzima inanilisha nini? Mara ya kwanza niliizima mwenyewe, ili mniite. Wao wakanusa, wakaja. Sasa nina wateja wawili, mmoja ananilipa niwashe, mwingine nizime. Hiyo ndiyo biashara. Ninyi mtakufa na mshahara wenu wa kudumu."

"Na dereva wetu?"

"Mimi sikuuliza nani anapita barabarani."

"Ulikuja mazikoni. Ulilia."

"Nililia kweli," Fundi alisema, na ubaya wake ni kwamba alikuwa anasema kweli.

Katika kazi hii Chiriku alishakaa meza moja na wauaji na wauza sumu, akacheka nao, akala nao. Hakuna aliyewahi kumtia kichefuchefu kama huyu mtu mwenye sura ya shemeji. Akatema mate chini.

"Pacha yumo kwenye lori hilo. Washa."

Fundi akainamisha kichwa. Kwa muda mfupi alionekana kama mtu. Kisha akakohoa.

"Kuwasha saa hizi ni kazi ya dharura, shemeji. Ongea na mkurugenzi tuelewane kwanza."

Chiriku akampachika mdomo wa bastola kwenye paji la uso.

"Piga basi," Fundi akasema, akitabasamu. "Halafu utawasha wewe? Nani mwingine anajua?"

Hakuna. Fundi alijihakikishia hivyo tangu siku ya makabidhiano ya kazi.

Chiriku akarudisha bastola kiunoni. Akainua ile Kenwood mpaka mdomoni, kidole juu ya kitufe.

"Hawa wateja wako. Niwaambie niko nawe hapa mlingotini? Kwamba umenialika?"

Tabasamu likafutika.

"Shemeji, hapana. Wale hawajui utani. Watanichinja!"

"Nabonyeza."

Alikimbia. Mtu wa kiti cha magurudumu alikimbia kwenye matope mpaka kwenye kibanda cha mitambo, akafungua sanduku la chuma, akapenyeza mkono nyuma ya betri, akaunganisha waya ambao hakuna kijana wa idara aliyewahi kuoneshwa. Taa ya kijani ikawaka.

Spika ya kibandani ikakohoa. Mnong'ono ukatoka.

"...kwa yeyote anayesikia. Ghala la saruji, nyuma ya reli. Wameanza kutupekua. Mbele yangu wamebaki wawili."

Chiriku akanyakua maikrofoni. "Kikosi, mmesikia?"

"Tumesikia. Tunaingia."

Kisha ikawa kusikiliza tu. Hatua za watu kwenye sakafu ya saruji. Mtu akiguna. Sauti kali: "Wewe! Nyoosha mikono." Kitambaa kikikwangua kifungo, karibu, karibu zaidi.

"Hiki nini?"

Chiriku akalaza sikio kwenye spika.

Lango likavunjika. Risasi zikafuatana, moja, tatu, nyingi. Halafu kishindo, na baada yake hakuna kitu.

"Pacha."

Kimya.

"Pacha, jibu wewe mshenzi."

"Nipo," ikaja sauti kupitia redio ya kikosi, imekauka. "Sikio limepungua kidogo."

"Lipi?"

"Lile unalopenda kunipigia kelele."

Chiriku aliegemea ukuta wa kibanda. Wageni wote walikuwa wamelala kifudifudi, Pacha alisema, na majokofu hayakupungua hata moja.

Akamfunga Fundi pingu kwenye ngazi ya mlingoti, akampa Mama Redio taarifa kwa simu. Nokia ikaita. Mkurugenzi.

"Kazi nzuri, binti yangu. Mama Redio amenieleza. Sasa sikiliza, kuhusu huyo kontrakta tusiwe na pupa."

Chiriku akarudi kibandani, simu sikioni.

"Ukimpeleka ndani leo, kesho redio atatutengenezea nani? Amekosea, ndiyo. Lakini mkataba ule niliusaini mimi. Sema ilikuwa radi. Tutambana kwa masharti mapya, mambo yaishe."

Chiriku akafungua spika ya simu. Akaisogeza mpaka kwenye maikrofoni ya kibandani, akabonyeza kitufe cha vituo vyote, akakishikilia.

"Mheshimiwa, hujasikika vizuri. Mvua. Naomba rudia."

Mkurugenzi akarudia. Alirudia polepole, kwa kutamka, kama anayesomea watoto imla. Radi. Masharti mapya. Mambo yaishe.

Chiriku akaachia kitufe.

"Hapa Pacha," spika ikasema. "Nimekusikia, mkurugenzi. Kwa sikio lililobaki."

"Kikosi tumekusikia."

"Makao makuu tumekusikia," akasema Mama Redio. "Na mtambo wa kurekodi ulikuwa umewashwa, bosi."

Simu ikakatika yenyewe.

Chiriku akatundika maikrofoni mahali pake, akatoka. Fundi alikuwa amelowa chapachapa, amekumbatia chuma.

"Shemeji, dada yako usimwambie. Roho yake nyepesi yule."

"Namwambia mimi. Sitaki aambiwe na mtu mwingine. Wewe kikosi kinakuja kukuchukua."

Akapanda Land Cruiser, akawasha wepa za kioo, akashuka kilima kwenda kwa dada yake.