Saini ya Fundi Kimya

Simu ilitetema kifuani Kipanga akilipita lori upande usio wake.

"Kipanga. Mtungi umetoboka."

Maana yake ilikuwa moja: adui ameingia ndani ya mfumo. Ni mfumo ule unaoendesha kompyuta za hospitali, mabenki na mitambo ya umeme nchi nzima. Ni programu huria isiyo na bwana, iliyotengenezwa na watu wa kujitolea na kulindwa na hao hao. Toleo jipya lilikuwa litoke saa sita mchana, na ndani yake mtu alikuwa amepachika mlango wa siri.

"Nani?"

"Fundi Kimya," Mkuu wake akajibu. "Saini yake ndiyo iliyoupitisha. Mlete. Akileta ubishi, unajua la kufanya."

Kipanga alijua. Kusema kweli alifurahi, wala hakuona haya.

Mkewe alikuwa mmoja wa wale wa kujitolea. Huko kazi yako haipiti mpaka mwenzako aikague na kutia saini kwa ufunguo wake wa kuchomeka kwenye kompyuta, na mkaguzi wa mkewe alikuwa Kimya. Kimya kasema hivi, Kimya kaniambia vile, asubuhi na jioni. Kile kicheko alichokitoa mbele ya kompyuta, Kipanga hajakisikia tangu fungate.

Mazungumzo yao yalikuwa wazi mtandaoni. Kipanga aliyasoma yote, akitafuta neno moja tu la mapenzi. Hakulipata, na hilo nalo likamuudhi.

Akakata kona. Pikipiki yake ya Yamaha ikalalia ubavu.

"Mkuu, alipotia saini aliandika nini?"

"Ya nini?"

"Nisomee."

"'Kazi nzuri sana. Nimeridhika.' Basi."

Kipanga akashika breki.

Kimya hajawahi kuridhika. Kazi ya kwanza huirudisha. Ya pili huirudisha. Ya tatu, kama umebahatika, huandika "afadhali" na kunyamaza.

"Siye yeye, Mkuu. Kuna mtu ameshika ufunguo wake."

"Una hakika?"

"Ningependa awe yeye. Siye."

Kwa Kimya, ghorofa ya tatu. Mlango wa buluu. Ndani, redio imefunguliwa kwa sauti kubwa kupita kiasi.

Teke moja.

Mtu wa kwanza alikuwa mezani, mbele ya kompyuta iliyochomekwa ufunguo mdogo wa chuma. Kitako cha bastola ya Glock kikamkuta kabla hajainuka. Wa pili akafyatua. Risasi ikapita na kipande cha mkono wa Kipanga. Kipanga akajibu kwa moja, ya goti, na jamaa akakaa chini kwa adabu.

Kwenye kiti, amefungwa kamba, alikuwa Fundi Kimya.

Alikuwa mzuri. Jicho limevimba, shati limechanika, na bado alikuwa mzuri. Kipanga alimkata kamba akiwa amenuna.

"Ufute huo mlango wao."

"Peke yangu siwezi. Lazima mtu wa pili akague."

"Hata leo?"

"Hasa leo," Kimya akasema, akivuta kompyuta. "Kuna dada mmoja, makini sana, huyo hapitwi na kitu. Ngoja nikupe namba yake."

"Namba ninayo."

Akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Mke wangu. Niko kwa Kimya. Saini ile si yake, wamemfunga wakaiba ufunguo. Anaufuta uchafu wao, ikague kazi yake upesi."

Upande wa pili vidole vikaanza kugonga kibodi. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia sita.

"Kimya, mstari wa nne umekosea. Rudia."

"Dada, tunakufa hapa."

"Rudia."

Kimya akarudia, huku akicheka. Mke naye akacheka. Kipanga aliishika simu katikati yao kama mshenga, akatazama dirishani, roho ikimuuma kuliko mkono.

Saini ya pili, ya mkewe, ikapita.

"Mtungi umezibwa," Mkuu akasema kwenye kifaa cha sikioni. "Vijana wanakuja kuwazoa hao wawili. Safi, Kipanga."

Alipofika chini, simu ikalia tena.

"Kimya ameumia?"

Kipanga aliutazama mkono wake. Damu ilikuwa imefika kwenye saa.

"Jicho tu."

"Maskini. Na wewe, mume wangu?"

"Mzima." Akavaa miwani yake myeusi. Kisha, kwa kuwa alishindwa kujizuia, akauliza, "Kazi yangu ya leo umeionaje?"

Mkewe alifikiri kwanza.

"Afadhali," akasema, na kile kicheko kikamtoka.

Neno lilikuwa la Kimya. Kicheko, safari hii, kilikuwa cha Kipanga. Akawasha pikipiki, akaingia barabarani polepole, bila kugeuka nyuma.