Mbolea Isiyofika Ardhini

Nakutegea, mjukuu wangu: analishwa mifuko kwa mifuko, na bado anakonda. Nani huyo?

Umeshindwa. Nipe mji. Umenipa Masumbwe? Haya, nimeuchukua, twende huko huko.

Ni udongo. Udongo wa shamba la misonobari, kisiwani, Ziwa Victoria. Kila msimu unapelekewa mbolea ya fosfeti, na kila ukipimwa, fosforasi imeshuka. Miche imedumaa, majani zambarau. Bwana miti wa kisiwa, Amosi, yuko mahabusu Shinyanga. Eti ameiuza mbolea hiyo.

Vumilia hakuamini.

Vumilia alikuwa jasusi wa serikali. Asubuhi hiyo alikuwa juu ya pikipiki ya Boxer, ametoka Masumbwe, analifukuza Fuso la Herman, mzabuni wa mbolea ile.

Redio ilikoroma. "Fuso likifika Kagongwa, mzigo unahamishiwa lori la wageni. Ukipotea, Amosi anafungwa."

"Halifiki."

Alichomoa Glock. Risasi moja, tairi la nyuma.

Fuso liliyumba, likaingia shamba la pamba.

Herman alishuka, mdomo unavuja damu.

"Shikamoo, mzee," Vumilia alisema.

"Shikamoo yako mpelekee aliyekutuma. Unapiga risasi gari la mbolea?"

"Mbolea ya kisiwani inafuata nini huku?"

"Mbovu. Nairudisha."

"Na ile nzima iko wapi?"

"Muulize Amosi, mwizi mwenzio."

Vumilia alipanda, akachana mfuko kwa kisu. Chembe nyeusi zikamwagika chini.

Hapo Herman akakosea.

Alipiga magoti. Alivua shati, akalitandaza, akafagia kwa viganja, chembe kwa chembe, mpaka vumbi lake. Damu ya mdomoni hata hakuifuta.

Mbolea gani inafagiwa hivyo, mjukuu wangu? Ukanda wetu huu kitu cha kufagiwa hivyo ni kimoja: kaboni, yale makaa ya mitamboni yaliyokwisha kunyonya dhahabu.

"Ni kaboni ya magendo ndani ya mifuko ya mbolea," Vumilia aliiambia redio. "Mwachieni Amosi."

"Hawamwachii. Wanataka kujua mbolea ilikwenda wapi."

Vumilia aliweka buti juu ya shati. Akasaga. Upepo ukabeba vumbi jeusi.

"Toa mguu, mwanamke. Hujui unachokanyaga."

"Najua. Fosfeti iko wapi?"

Akasaga tena, taratibu, kidole kimebana kitufe cha redio ili wasikie.

Herman alitazama mali yake ikipeperukia kwenye pamba. Akatema damu.

"Tulitaka mifuko tu," alisema. "Mbolea yote tuliimwaga ziwani."