Tangi la Mzee Stobbe

Haya yalimpata jirani yetu Verna Hiebert, hapa hapa Rosthal, jimbo la Saskatchewan, Jumanne moja yenye jua zuri tu. Kazi ya Verna ni kupima udongo na maji yaliyoharibiwa na mafuta. Safari hii alikuja kumpimia mama yake mzazi. Maji ya kisima cha Bi Agatha yalikuwa yananuka petroli, na yule mama alishaanza kutapika. Bila ushahidi wa petroli hiyo inakotoka, hakuna ambaye angelazimishwa kuyasafisha.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kituo cha mafuta kilichofungwa zamani, mali ya Orville Stobbe. Mwenyewe alisimama pale akitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda karibu na viatu vya Verna.

"Tangi la chini ya ardhi lilishang'olewa, we binti. Mwaka uleule baba yako alipotoroka na mwanamke kwenda Alberta. Au mama hajakwambia?"

Verna alisaga meno. Kashfa hiyo alikua nayo tangu utoto, hata mlangoni mwa kanisa walimsengenya. Baba yake, Jakob, alikuwa kibarua wa huyu huyu Stobbe. Akapitisha kifaa cha kutafutia chuma juu ya lami. Kikalia. Akapiga sururu kwa hasira mpaka mdomo wa bomba la kujazia mafuta ukajitokeza.

"Limeng'olewa, siyo? Mwongo mkubwa wewe!"

Mzee akaacha kutafuna.

Verna akachukua kijiti kirefu cha kupimia, akakipaka ile dawa nzito inayogeuka nyekundu ikigusa maji, kama wafanyavyo wapimaji wote. Akakishusha bombani mpaka kikagusa chini ya tangi. Alipotaka kukitoa, kikagoma.

Akavuta tena. Kikavutwa kwenda chini.

Hakikukwama. Kilivutwa. Polepole, kwa nguvu za mtu. Viganja vyake vikachubuka. Kisha bombani kikatoka kikohozi. Kikavu. Cha mwanamume.

Stobbe akaanguka magotini. "Jakob," akanong'ona, "niache. Niliogopa tu."

Kijiti kikaachiliwa.

Jamani, mwingine angekimbia. Verna alimkwida mzee shati. "Umemwita nani?"

"Aliingia tangini kukwangua tope. Mvuke ukamlevya. Nikadhani amekufa, nikafunika mlango wa tangi. Halafu akaanza kugonga."

"Ukafanya nini?"

"Nikawasha redio."

Zimamoto walipolikata tangi, mifupa ilikuwa kwenye tope, upande wa mbali kabisa na mdomo wa bomba. Chini kutu ilikuwa imelitoboa, na mafuta yalikuwa yamepenya ardhini hadi kisimani.

Bi Agatha hakulia. Alijaza glasi maji ya kisima chake, akavuka barabara, akamsogezea Stobbe mdomoni mbele ya polisi.

"Kunywa! Mimi nimemnywa mume wangu miaka yote hii, na wewe ukiniita mke aliyeachwa. Kunywa, shetani mkubwa!"

Ilibidi polisi wamshike mama huyo.

Kijiti anacho Verna, nami nimekiona kwa macho yangu. Kwenye ile dawa kuna alama za vidole vinne na gumba, za mkono uliokishika kutokea chini. Dawa hiyo hukauka siku hiyohiyo. Hii niliigusa juzi, miezi mingi baadaye, ikanipaka kidole rangi nyekundu, bado mbichi.