Neno la Muuza Sufu

Haya yalimpata rafiki yangu Tuulikki. Yeye na mumewe Urho walivuka kwa meli kutoka Helsinki, kwenda kushinda Tallinn, Estonia, na kununua nyuzi za sufu.

"Nataka kumfumia huyu soksi," Tuulikki alimwambia muuzaji.

Bibi yule akatazama pale aliposimama Urho, kisha akamshika Tuulikki mkono. "Lesk," akanong'ona.

Kwa Kifini, leski ni mjane.

"Achana naye, mke wangu," Urho alicheka walipotoka. "Kiestonia ni Kifini kilichopinda. Labda kakuita mrembo!"

Yalikuwa majira ya baridi, na saa kumi jioni giza lilikuwa limeshaingia. Walirudi bandarini bega kwa bega, barabara tupu, barafu ikilia kwacha, kwacha chini ya nyayo. Tuulikki akasimama. Urho akaendelea kutembea, akicheka, na barafu ikawa kimya.