Nepi Zilizolala Chini ya Godoro

Kila Jumamosi, kabla jua halijapanda juu ya ukuta wa lupango, yaani kiwanja chao, nyumba ya Papa Antoine mtaani Katuba ilianza kunguruma. Kilichonguruma ni mashine ya kufulia. Papa Antoine, dereva wa lori kwenye barabara ya Kipushi, aliileta nyumbani mvua za kwanza zilipoanza, imefungwa kamba kama mbuzi wa sikukuu. Majirani walikuja kuitazama. Kazi ya kuiwasha alipewa binti yake Plamedie, mwenye miaka kumi na miwili, naye aliibonyeza kwa kidole kimoja huku akiangalia pembeni kuona nani anamwona.

Bibi yake aliitazama mara moja tu, ikatosha. Jina lake Ngalula, lakini pale nyumbani, hata wageni walimwita Kambo, kama tunavyowaita bibi na babu hapa Lubumbashi. Alikuwa mama yake Papa Antoine, mwanamke mfupi, mnyofu wa mgongo, aliyelea watoto saba bila kumvalisha hata mmoja nguo chafu.

"Hii mashine iko inafanya nini na nini?" aliuliza siku ile ya kwanza.

"Kila kitu, Kambo! Inafua, inasuuza, inakamua. Weye unakaa tu," akajibu Plamedie.

"Na kupiga pasi?"

"Hapana. Pasi haimo."

"Bon. Basi kazi bado haijaisha," akasema Kambo, akarudi kwenye mbabula yake kupepea makaa.

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja ya nguo, na sheria hiyo ilikuwa ya Kambo. Nguo yoyote iliyokaushwa nje haikugusa mwili wa mtu kabla ya kupita chini ya pasi. Si shati la kanisani tu. Hata soksi, hata taulo, na hasa nepi za kitambaa za Israël, mdogo wake Plamedie, ambaye alikuwa bado hajajua kukaa peke yake.

"Kuna inzi mumoja," Kambo alikuwa akieleza kwa Kiswahili cha hapa, ambacho 'ndio' yake ni 'njo', "anapenda kitambaa chenye maji maji, kwenye kivuli. Anataga mayai yake mule, na macho yako hayayaoni. Mutoto akivaa, joto la mwili linayaamsha. Funza anaingia kwenye ngozi bila kubisha hodi. Moto wa pasi tu njo anaogopa."

Alipokuwa akitundika nguo pamoja na Plamedie, Kambo alipenda kukumbuka Jumamosi za ujana wake katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Wakati ule bomba lilikuwa moja kwa njia nzima. Wanawake walifika na mabeseni kichwani kukiwa bado na baridi, kila mmoja akitaka nafasi kwenye sakafu ya saruji. Nguo za kazi za waume zao zilikuwa ngumu kwa vumbi la shaba, zikisimamishwa zinasimama zenyewe kama mtu. Zililowekwa, zikasuguliwa kwa sabuni ya mawese, zikapigwapigwa juu ya saruji mpaka maji yaache kutoka mekundu. Nyeupe zilichemshwa ndani ya pipa, kisha zikasuuzwa kwa maji yenye bluu kidogo ili zing'ae.

"Vidole vilikuwa vinachubuka, lakini tuliimba," alisema. "Na kamba yako ya nguo ilikuwa kama jina lako. Bantu walipita, wanaangalia, wanasema: huyu mwanamke ni wa kweli. Au wanacheka. Mimi nilitoka Kasai, sikujua mambo ya inzi wa huku. Jirani yangu Chanda, mwenyeji wa hapa, njo alinifundisha pasi. Akaniambia, 'Ngalula, kufua ni nusu. Nusu ingine iko kwenye moto.'"

Plamedie alisikiliza kwa sikio moja. Aliona hayo ni mambo ya zamani, ya watu wasiokuwa na mashine.

Ikaja Jumamosi moja ya mvua. Jua lilitoka alasiri tu. Kamba ya mbele ilijaa nguo za Papa, kwa hiyo nepi za Israël zikatundikwa nyuma ya jiko, mahali penye kivuli. Halafu umeme ukakatika. Pasi ya umeme ikawa haina kazi, na Kambo akatoa pasi yake ya makaa, chuma kizito chenye jogoo mdogo juu ya kifuniko. Alipiga mashati, suruali na shuka. Kisha akajinyoosha.

"Plamedie, zimebaki nepi za mutoto. Mimi ninaenda kumpa pole jirani yetu aliyefiwa. Zipige pande zote mbili, na mapindo usiyasahau. Mayai yanapenda mapindo."

"Ndiyo, Kambo."

Kambo hajafika hata kwenye kona, Kiki akachungulia mlangoni. Kiki alikuwa rafiki wa Plamedie, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko miguu yake.

"Eh! Mwenye mashine, bado unapepea makala?" alicheka. "Juzi ulituambia kwenu kazi inafanywa na kidole! Kidole hicho kimeungua ao?"

"Niache, Kiki. Zimebaki nepi tu."

"Nepi? Nani anapiga pasi nepi? Mutoto anaenda kwenye mkutano? Twende, mazoezi ya kwaya yameanza. Leo wanachagua watakaocheza mbele siku ya sherehe. Ukikosa, Plamedie, usinililie."

Plamedie alitazama beseni la nepi. Zilikuwa nyeupe na zilinukia sabuni. Mashine imezifua vizuri, alijiambia, inzi gani atathubutu? Akazikunja moja moja kwa uangalifu, pembe juu ya pembe, akazipanga chini ya godoro lake na kukalia godoro mpaka Kiki akapiga mluzi wa kukosa subira. Kisha akamwaga makaa, akakimbia.

Jioni alizitoa. Zilikuwa zimenyooka kama karatasi.

"Umezipiga?" Kambo aliuliza.

"Nimezipiga, Kambo."

Kambo alipitisha kiganja juu ya nepi ya juu, akatabasamu. "Mukono wako unaanza kukomaa. Nikichoka kabisa, ninajua pasi yangu itabaki kwa nani."

Plamedie alikuwa amechaguliwa kucheza mstari wa mbele. Hata hivyo, usiku ule maneno ya Kambo yalimkaa kifuani kama chakula kisichoshuka.

Wiki iliyofuata ilipokaribia kwisha, Israël alianza kulia bila sababu. Alilia akilazwa, akalia akibebwa. Mama Michelle, mama yao, alipomvua nepi, aliona vipele vyekundu matakoni na mgongoni, vimevimba kama majipu, na kila kimoja kilikuwa na tundu dogo katikati. Mtoto alipata homa na kukataa ziwa. Mama alimfunga mgongoni, akamwambia Plamedie abebe mfuko, wakaenda kituo cha afya.

Muuguzi Kunda hakuuliza mengi. Aliosha vipele, akavipaka mafuta mazito ya kujipaka, akasubiri.

"Tazameni," alisema. "Mafuta yanamziba funza pumzi, sasa anatafuta njia."

Katika tundu moja kitu kilitikisika. Muuguzi aliminya taratibu kwa vidole viwili, akatoka funza mweupe, mnene kama punje ya mchele. Israël alipiga kelele. Mama akageuza uso. Akatoka mwingine, na mwingine tena.

"Msiviminye nyumbani," muuguzi alionya. "Funza akikatikia ndani, kidonda kinaoza. Mleteni tena kesho. Sasa niambieni, nguo zake zinapigwa pasi?"

"Zote," Mama akajibu. "Mama mkwe wangu hakosi hata moja."

"Basi kuna zilizokoswa," akasema muuguzi Kunda.

Plamedie aliushika mfuko kwa nguvu na kutazama sakafu.

Papa Antoine aliporudi kutoka Kipushi na kuona mgongo wa mwanawe, alimfunika taratibu kwa kanga. Kisha akasema kwa upole, lakini kwa uamuzi:

"Mama, usikasirike. Macho yako si kama zamani, na ile pasi ya makala moto wake haujulikani. Kuanzia leo usishike tena nguo za mutoto. Na pasi yenyewe, kesho David akipita na kigari chake cha vyuma vikuukuu, tumpe aichukue."

Kambo hakupandisha sauti. "Antoine, wewe mwenyewe pamoja na ndugu zako sita mulikulia chini ya pasi ile. Hakuna aliyepata funza. Nguo za Israël zilipigwa zote. Zile za mwisho alizipiga Plamedie. Nilimuuliza, akaniambia ndiyo. Neno la mjukuu wangu ni neno langu."

"Basi ni pasi," akasema Papa. "Imezeeka."

Plamedie, aliyekuwa akisikiliza pembeni, akachukua ndoo na kwenda bombani.

Asubuhi, kengele ya David ilisikika njiani. Kambo alikuwa ameifuta pasi majivu mpaka ndani, kama mtu anayemwogesha mtoto anayeondoka safari. Aliibeba mwenyewe mpaka mlango wa lupango. Hakulia, lakini mgongo wake, uliokuwa mnyofu siku zote, ulikuwa umeinama.

David alinyoosha mikono. "Chuma kizuri hiki, Mama. Cha zamani."

"Usichukue!" Plamedie alipiga kelele, akaja mbio bila viatu, akaikumbatia pasi. "Papa, pasi haina kosa! Kambo hana kosa! Ni mimi. Nepi sikuzipiga. Nilizikunja, nikazilaza chini ya godoro, nikaenda kwenye kwaya. Nilimudanganya Kambo."

David alirudisha mikono yake, akasukuma kigari polepole. Papa Antoine alikuwa amesimama na ufunguo wa lori mkononi.

"Ju ya nini hukusema jana?" aliuliza.

"Niliogopa, Papa. Nilifikiri mashine inatosha."

Papa alimgeukia mama yake. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, lakini alipiga goti moja kwenye tope. "Mama, nilikuhukumu bure. Unisamehe."

"Inuka, unachafua suruali," akasema Kambo. "Nani ataifua?"

Kisha akamshika Plamedie kidevu na kumwinua uso.

"Sikiliza, mutoto wangu. Mashine siichukii. Ingenikuta kijana, ningeichezea ngoma. Lakini mashine inaosha nguo, kumulinda mutoto njo kazi ya muntu. Ulikosa kwa uvivu, na hiyo inapona kwa kufanya kazi. Uongo ni mubaya zaidi. Uko kama yai la yule inzi: hulioni, unalikunja vizuri ndani ya nguo, na mwingine njo anaumia. Israël aliumia. Mimi nilikaribia kupoteza jina langu. Kweli yako imekuja nyuma, lakini imekuja na miguu yake yenyewe. Ninaipokea."

Plamedie alikwenda mwenyewe kumwambia kiongozi wa kwaya kwamba Jumamosi iliyokuwa inakuja hatakuja, ampe mwingine nafasi ya mbele. Siku hiyo alitoa nguo zote za Israël kabatini, hata zile zilizokwisha kupigwa, akazipiga upya, pande zote mbili, mapindo yakilia *shhh* chini ya moto. Kiki alipochungulia, alitupiwa neno moja tu: "Ingia, upepee makala." Akaingia.

Vidonda vya Israël vilikauka, akaanza kucheka tena. Kwa muda mrefu Kambo alikagua kila nepi, akiigusisha shavuni kusikia joto, na Plamedie hakunung'unika. Alijua kwamba imani iliyovunjika haifuliwi kwa siku moja.

Mpaka ikafika Jumamosi moja mwishoni mwa masika. Israël alikuwa ameoga na kulala juu ya kanga. Kambo akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Umezipiga?"

"Nimezipiga, Kambo."

Kambo hakuitazama nepi, wala hakuigusisha shavuni. Alimfunga nayo mjukuu wake moja kwa moja.